Mgema Aliyesifiwa na Bado Hakutia Maji

Kwa miaka kumi na moja nilifungua chupa za watu katika mikahawa ya Waitaliano hapa Malindi, na swali nililoulizwa kuliko yote lilikuwa fupi: "Ipi nzuri?" Mgeni ameshika orodha, kidole kinateremka upande wa bei, kinasita katikati. Ya chini haitaki, asije akaonekana bahili. Ya juu anaiogopa. Nami nikimjibu vile mwajiri alivyotaka nimjibu. Jibu lenyewe hasa ni refu, haliwezi kutolewa mezani huku tambi zinapoa.

Najua wasomaji wangu wengi hawagusi kileo. Hata aliyenifundisha kazi, mkuu wetu wa weita, mzee wa Shela asiyekosa swala, hakuwahi kuutia mvinyo mdomoni. Lakini alikuwa akinusa kizibo tu na kukwambia, "Hii rudisha." Kwa hiyo mniwie radhi, ninachoandika hapa ni ufundi wa watu na tabia zao, na tabia haibagui anywaye na asiyekunywa.

Mjomba wangu ni mgema, upande wa Kakuyuni. Ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nyumbani kwetu haikuwa methali. Ilikuwa malalamiko ya mteja aliyesimama uani na chupa mkononi. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni usimsifu mtu mno akavimba kichwa. Mimi, baada ya miaka yote ile ya kubeba chupa, naisoma kama somo la biashara. Tembo zuri huleta sifa, sifa huleta wateja, wateja huwa wengi kuliko minazi, na mtungi wa maji uko palepale pembeni. Mgema hahitaji kuwa mtu mbaya. Inatosha awe na wateja kumi na tembo la watu saba.

Hesabu hiyo inamkabili kila mtengeneza mvinyo ambaye jina lake limevuma. Vilima vya mawe vinavyotazama jua vimejaa duniani. Adimu ni shamba lililosifiwa miaka mia mbili na mwenyewe asiunyooshee mkono mtungi. Kwangu, mvinyo mkuu ni huo. Na kila ninapofungua mmoja najiuliza ni kitu gani kilimzuia huyu.

Maji yenyewe yana sura nyingi. Mara chache huwa maji hasa, ingawa California sheria inaruhusu kuyaongeza pale zabibu zilipoiva kupita kiasi, sukari ikazidi hadi chachu ikashindwa kumaliza kazi. Ufaransa kuna kuongeza sukari kabla zabibu hazijachachuka ili kileo kipande, jambo ambalo mkemia Jean-Antoine Chaptal alilitetea tangu zama za Napoleon na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kuna wanaotumbukiza vipande vya mwaloni katika tangi la chuma ili mvinyo wa miezi michache unukie kama uliolala katika pipa miaka miwili. Na kuna maji ambayo maabara haiyaoni: kuuachia mzabibu uzae utakavyo. Mti una nguvu zake; ukizigawa kwa mashada arobaini badala ya manane, kila tunda litapata kidogo. Wenye miembe hapa Malindi hawahitaji kuelezwa.

Tuanze na Wareno, maana ndio waliotuletea neno. Mvinyo ni vinho yao. Hata pipa ni lao. Vasco da Gama alipokewa hapa mwaka 1498, na nguzo yake ingali pale juu ya bahari, watoto wanaipandia na maharusi wanapigia picha. Karne mbili na nusu baadaye, kwao nyumbani, Wareno walisimika nguzo nyingine, safari hii kwa ajili ya mvinyo. Port, ule mvinyo mtamu mkali wa bonde la mto Douro, ulikuwa umependwa Uingereza kupita kiasi, na methali ikatimia: wauzaji wakawa wanaukoleza rangi kwa maji ya vitunda vyeusi vya porini, wanaongeza sukari, wanafunga pipa. Wateja wakang'amua, bei ikaporomoka. Mwaka 1756 waziri aliyekuja kujulikana kama Marquis wa Pombal akaunda kampuni ya kusimamia biashara hiyo na kuamuru ichorwe mipaka ya mashamba. Zikasimikwa nguzo za mawe zaidi ya 300, na ile miti ya vitunda vya rangi ikang'olewa. Hakuwa mpole. Mwaka uliofuata watu wa mji wa Porto walipofanya ghasia kuipinga kampuni, walikuwepo walionyongwa. Kilichomzuia mgema wa Douro, basi, kilikuwa kitanzi. Sisemi ni njia nzuri. Lakini nguzo nyingi zingalipo, na Douro ni miongoni mwa sehemu za kwanza duniani ambazo mvinyo wake ulilindwa kwa mipaka ya kisheria.

Kizuizi cha namna nyingine kiko Sauternes, kusini ya Bordeaux, Ufaransa. Huko, asubuhi za msimu wa mavuno, maji baridi ya mto mdogo wa Ciron hukutana na mto Garonne wenye vuguvugu, na ukungu hufunika mashamba hadi jua lipande. Ukungu huo huleta kuvu iitwayo Botrytis. Kuvu hutoboa ganda la zabibu, maji hutoka, tunda hunywea likawa la kijivu lenye vumbi. Ukilikuta sokoni utamrudishia mwenyewe kwa matusi. Ndani yake lakini kuna sukari na uchachu vilivyokamuliwa mpaka vikawa kama asali iliyotiwa ndimu. Wachumaji hulipitia shamba mara kadhaa kwa muda wa wiki nyingi, wakichagua yaliyokwisha kunywea na kuyaacha mengine yangoje. Château d'Yquem, shamba kuu kuliko yote ya huko, husema mzabibu mmoja huwapa bilauri moja ya mvinyo. Bilauri moja kwa mwaka! Mnazi wa mjomba hukinga zaidi ya hapo kwa usiku mmoja.

Ila si bilauri hiyo iliyonifanya niwavulie kofia. Ni kwamba mwaka 1952 hawakuuza chupa hata moja kwa jina la Yquem. Wala 1964. Wala 1972, 1974, 1992, na tena 2012. Mvua ilikuja vibaya, kuvu haikukaa sawa, wakasema mwaka huu hakuna. Wateja walikuwepo, fedha ilikuwepo, zabibu zilikuwepo za aina fulani. Hebu fikiria hoteli ya ufuoni hapa kwetu ikifunga Desemba nzima kwa sababu samaki wa mwaka huo hawakumridhisha mpishi.

Burgundy, Ufaransa hiyohiyo, kizuizi ni ukubwa wa shamba lenyewe. Romanée-Conti ni hekta 1.8, yaani ekari nne na nusu hivi, kiasi cha shamba la mahindi na mihogo la familia moja kule Ganda. Halipanuki. Chupa yake moja ya mwaka 1945 ilinadiwa New York mwaka 2018 kwa dola 558,000, zaidi ya shilingi milioni 50 za Kenya. Mwaka huo wa 1945 zilipatikana chupa 600 tu, kisha mizabibu ile mizee ikang'olewa. Ladha ya shilingi milioni 50 haipo, na anayekwambia ipo anakuuzia kitu. Anayelipa hivyo analipia uchache.

Na ukitaka kuona kwamba mipaka peke yake haitoshi, nenda kilomita chache kaskazini hadi Clos de Vougeot. Watawa wa Cistercian walilizungushia ukuta shamba hilo la hekta 50 hivi katika zama za kati, na ukuta ungalipo. Ndani yake leo kuna wamiliki wapatao 80. Ukuta mmoja, jina moja kwenye lebo, daraja moja la juu kabisa kisheria. Mvinyo wa mmoja hukunyamazisha. Wa jirani yake ni wa kumpelekea mkwe usiyempenda. Wajuzi watasema sehemu ya juu ya mteremko ina udongo bora kuliko ya chini inakotuama maji, na ni kweli. Hata hivyo mnunuzi anayejua kazi yake huuliza jina la mkulima kabla ya kuuliza mistari yake iko juu au chini.

Sasa linganisha na Bordeaux, ambako nina ugomvi. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris chini ya Napoleon III, madalali wa mvinyo waliandika orodha ya madaraja, wakaipanga kwa kufuata bei za sokoni. Orodha hiyo inatumika mpaka leo. Badiliko lake mashuhuri ni moja, Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Tena kilichopewa daraja ni nyumba, yaani jina la mtengenezaji. Burgundy daraja ni la ardhi, ukiuza ardhi umeuza daraja. Bordeaux nyumba inaweza kununua shamba la jirani, zabibu zake zikamiminwa katika jina la babu. Naona hiyo ndiyo ruhusa kubwa kabisa ya kutia maji iliyowahi kuandikwa kwa wino mzuri. Cha kushangaza, nyumba za juu hazikuitumia kama ambavyo ungetarajia. Latour, kwa mfano, ina lebo ya pili, Les Forts de Latour, inayopokea kile kisichofikia kiwango cha lebo kuu. Mgema ana vibuyu viwili na anakuambia kipi ni kipi. Bei ya cha pili nayo, bila shaka, si ya kuchezea.

Lakini mvinyo nilioujua kwa mkono wangu, kwa ajili ya kazi yangu, ni Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia. Waitaliano wako hapa tangu walipojenga kituo chao cha kurushia satelaiti pale Ngomeni miaka ya 1960, na waliofuata kwa ajili ya jua walikuja na mizigo yao ya chakula. Mara ya kwanza kuonja Barolo nilidhani imeharibika. Rangi yake ni hafifu, kama chai ya rangi iliyochujwa mara mbili, kwa hiyo unategemea kitu laini. Kisha ukakasi ukanishika. Fizi, mashavu, ulimi wote ukakauka, kama nimeng'ata bibo lisiloiva, lile ambalo watoto huonjana kwa uchokozi msimu wa korosho. Nyuma ya ukakasi huo kuna harufu ya waridi na, usicheke, ya lami barabarani saa nane mchana. Mgeni aliyenionjesha, mtu wa vilima hivyohivyo, alicheka akaniambia niionje tena baada ya miaka kumi.

Alikuwa na maana. Zabibu yake, Nebbiolo, inasemekana imepewa jina kutokana na ukungu wa huko Piemonte, kaskazini ya Italia, unaotanda wakati wa mavuno. Huiva kwa kuchelewa, na ganda lake lina tanini nyingi, ambayo ndiyo huo ukakasi. Tanini ni ulinzi. Mvinyo ukiwa mchanga hukupiga. Ukilala hushikana na vingine, hutua chini ya chupa, na waridi hubaki peke yake. Sheria ya Italia hairuhusu Barolo kuuzwa kabla ya miezi 38, angalau 18 kati yake iwe ndani ya pipa la mbao. Yaani mkulima anakaa na mali yake zaidi ya miaka mitatu huku ada za shule zinamngoja.

Miaka kumi ya kulala, Malindi haiitoi. Katika mkahawa mmoja nilipofanya kazi, chupa za bei kubwa zilipangwa rafu ya juu, karibu na mlango wa jikoni, ili zionekane. Ilikuwa Machi, ile Machi ambayo hata paka hawavuki barabara mchana, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Mgeni akaagiza Barolo ya shilingi elfu kumi na nne. Nilipoishika nikaona kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa kama ulimi wa mtoto mkaidi, na chini yake mchirizi mwembamba, mweusi, unaonata, umeteremka mpaka kwenye lebo. Nikamtazama mama mwenye mkahawa. Akanipa ishara, fungua. Mgeni akaonja, akaiweka bilauri chini taratibu, akasema neno moja la kwao ambalo maana yake ni imepikwa. Tukafungua ya pili ya kasha lilelile, na ya tatu. Mzee wetu wa Shela akavinusa vizibo vyote vitatu, akavipanga juu ya kitambaa, akasema, "Hii ni siki ya kesho."

Nimefungua chupa za kutosha kusema hivi: mvinyo mkuu mwingi unaouzwa katika joto letu umeshakufa kabla ya kufika mezani, na mnunuzi analipia maiti kwa bei ya aliye hai. Kama unataka kitu cha kuweka kabatini Malindi bila mtambo wa baridi, Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Wareno chenye jina hilo, ndiyo jibu. Mapipa ya kisiwa hicho yalikuwa yakisafirishwa kwenye merikebu kupitia nchi za joto, na wenyewe wakagundua kwamba safari iliyoua mvinyo wa wengine iliupendezesha wao. Siku hizi hawaupandishi tena merikebuni. Huulaza miaka chini ya mapaa yenye joto, makusudi. Umeshaungua, hauna cha kuogopa. Waasisi wa Marekani waliutumia kusherehekea uhuru wao mwaka 1776, na ziko chupa za karne iliyopita na iliyotangulia zinazonyweka hadi leo.

Turudi Piemonte, maana huko nako mtungi uliinama, tena kwa ubaya usiosahaulika. Mwaka 1986 mvinyo wa rahisi wa Italia uliongezwa methanoli ili kileo kionekane kingi, na watu zaidi ya 20 wakafa; wengine wakapofuka. Sisi Wakenya hatuhitaji kutafsiriwa. Mukuru kwa Njenga, mwaka 2000, pombe ya methanoli iliua watu zaidi ya 100. Mwaka mmoja kabla ya msiba wa Italia, Austria ilikuwa imenaswa ikitia kemikali ya diethilini glikoli ili mvinyo uwe mtamu na mzito mdomoni. Soko lao la nje lilikufa karibu lote. Waaustria wakaandika sheria kali na kugeukia mvinyo mkavu, safi, usio na pa kujificha, na leo Riesling, mvinyo mweupe, ya bonde lao la Wachau inakaa meza moja na ya Mosel, Ujerumani. Aibu nayo ni kizuizi, tena huenda ikawa na nguvu kuliko kitanzi cha Pombal.

Nani basi anamsaidia mgema kutia maji? Mnywaji anayekunywa jina. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier aliwakalisha Paris waamuzi tisa wa Kifaransa, akawapa mvinyo wa nyumbani kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa ipi ni ipi. Nyeupe iliyoshinda ilikuwa Chateau Montelena ya 1973, nyekundu Stag's Leap ya 1973, zote za Napa, California. Mouton na Haut-Brion, za daraja la kwanza la Bordeaux, zilikuwepo mezani. Miaka thelathini baadaye Rudy Kurniawan, kijana kutoka Indonesia, aliwauzia matajiri wa Marekani mvinyo mkongwe aliouchanganya mwenyewe nyumbani California, akabandika lebo, akachakaza karatasi. Alinaswa kwa uzembe wa tarehe: mwaka 2008 zilipelekwa mnadani New York chupa za Clos Saint-Denis ya shamba la Ponsot, Burgundy, zenye miaka kuanzia 1945. Laurent Ponsot mwenyewe akapanda ndege kwenda kuzizuia, kwa sababu familia yake ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Kurniawan alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014. Kinachonichekesha ni wale walioshakunywa wakasifu.

Na sifa za namba zimefanya madhara ya aina yake. Mmarekani Robert Parker, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978, aliupa kila mvinyo alama hadi 100, na alama zake zikawa bei. Alipenda mvinyo mzito, ulioiva sana, wenye mbao, na mashamba kuanzia Bordeaux hadi Chile yakaanza kufanana kama sare za shule. Huko si kutia maji. Ni mgema kupunguza maji, kuongeza sukari, mpaka tembo la Kakuyuni na la Rabai usiweze kuyatofautisha. Nalihesabu kuwa kosa lilelile, limevaa kanzu nyingine.

Hapa lazima nijipinge. Kama sheria, mipaka na utii vingetosha, mvinyo uitwao Sassicaia usingekuwepo. Mario Incisa della Rocchetta alipanda Cabernet, zabibu ya Kifaransa, pwani ya Toscana ambako hakuna aliyeitarajia. Chupa za kwanza zilizouzwa, za mwaka 1968, zilibidi ziandikwe mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa la sheria ya Italia, na huku zikiuzwa bei ya wakubwa. Mwaka 1994 sheria ndiyo ikaandikwa upya kuufuata mvinyo. Australia nako, Max Schubert wa kampuni ya mvinyo ya Penfolds alirudi kutoka Bordeaux mwaka 1950 na ndoto ya mvinyo mwekundu wa kuishi miongo. Wakubwa zake wakauonja, wakaukataa, na mwaka 1957 wakamwamuru aache. Akaendelea kwa siri, mavuno matatu. Mwaka 1960 walipobadili mawazo, mapipa yalikuwa yamejaa. Tena mvinyo huo, Grange, huchanganywa kutoka mashamba ya sehemu mbalimbali, kwa hiyo yale maneno ya kilima kitakatifu hayauhusu. Schubert hakuzuiwa na nguzo, ukuta wala sheria. Nadhani alizuiwa na ladha aliyokuwa nayo kichwani, na hilo siwezi kulieleza zaidi.

Georgia, ile nchi ya Kaukazi, ni ajabu nyingine. Ushahidi wa mvinyo huko una umri wa miaka 8,000 hivi, na bado wanafukia mitungi ya udongo ardhini, qvevri, na kuacha zabibu zichachuke humo na maganda yake. Zama za Kisovieti viwanda vilitaka wingi; mitungi ikabaki nyuma ya nyumba, kwa ajili ya harusi na matanga. Wasiosifiwa hawakuwa na sababu ya kutia maji.

Bara letu nalo limo. Constantia, karibu na Cape Town, lilianzishwa mwaka 1685 na gavana Simon van der Stel, na mvinyo wake mtamu ulimfuata Napoleon hadi kifungoni Saint Helena. Mizabibu ya Cape ilipandwa na watumwa, wakiwemo waliochukuliwa Madagaska na Msumbiji, na wauzaji hupenda kuruka ukurasa huo wanapomimina. Dodoma, majirani zetu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wake haujafika nilipopataja hapa, lakini unajitambulisha kwa jina la kwao, na hiyo ni hatua.

Sisi pwani hatujaichukua. Mnazi wa Kakuyuni, wa Rabai, wa Kaloleni: mnywaji mzoefu huutambua akifumba macho, maana udongo si mmoja, umbali na bahari si mmoja, na mgema si mmoja. Lakini mitungi ya mangweni haina jina la kijiji. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo ilituletea leseni na saa za kuuza. Nguzo hatukuwekewa. Serikali ikimkumbuka mgema, humkumbuka kwa msako. Ningekuwa na sauti kaunti ya Kilifi, ningeanza na jambo moja dogo: kila kibuyu kiandikwe kilikogemwa na siku yake. Tembo haliishi zaidi ya siku mbili. Uongo wake pia hautaishi.

Mwaka jana nilimpelekea mjomba Barolo nzuri, niliyoibeba kwenye boksi la barafu kama samaki. Alionja, akanyamaza, akapitisha ulimi kwenye meno. "Bibo," akasema, bila mimi kumwambia kitu. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamuuliza kama katika maisha yake aliwahi kulitia tembo maji.

"Nilitia," akasema. "Wakati ule wa hoteli kujengwa, vibarua walikuwa wengi."

"Na nini kilikukomesha, mjomba?"

Akanionyesha kwa kidevu mnazi ulio karibu na njia. Kwa sababu wateja, alisema, waliacha kuja uani jioni. Walianza kuja alfajiri, wakasimama pale chini na chupa zao, hawaongei, wanamtazama anavyoshuka na kibuyu.